Ushahidi na Sitara: Kamera ya Sebastião Salgado

Mpigapicha wa dhiki za watu hubeba faradhi mbili zinazovutana. Ya kwanza ni ushahidi: aliyeona dhuluma hana ruhusa ya kuificha. Ya pili ni sitara: mwenye njaa, aliye uchi na maiti hustahili kufunikwa, si kuanikwa. Mvutano huo unaonekana wazi katika kazi ya Sebastião Salgado, aliyezaliwa Aimorés, Brazili, mwaka 1944 na kufariki Paris mwaka 2025.

Salgado alisomea uchumi, akaajiriwa na Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London. Safari za kikazi barani Afrika zilimfunza kamera, na mwaka 1973 akaifanya kuwa riziki yake. Hata hivyo, uchumi haukumtoka. Badala ya kukimbilia habari za siku, alifuata swali moja kwa miaka mingi, kwa picha nyeusi na nyeupe. Kitabu chake cha mwaka 1993 kilihusu kazi za mikono. Humo mna mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada, nchini Brazili, alioufikia mwaka 1986, ambako maelfu ya wanaume walipanda ngazi wakiwa na magunia ya udongo migongoni. Kitabu cha mwaka 2000 kilihusu watu waliohama makwao. Kabla ya hapo alikuwa ameshuhudia njaa ya Saheli mwaka 1984 na 1985, na mwaka 1994 aliwapiga picha wakimbizi wa Rwanda katika kambi ya Benako, wilayani Ngara, Tanzania, na katika mji wa Goma, Zaire ya wakati huo.

Lawama zilielekezwa kwenye uzuri wa picha hizo. Mwaka 1991 mhakiki Ingrid Sischy alidai kuwa mateso yakipambwa, mtazamaji huishia kustaajabu badala ya kutenda. Mwaka 2003 mwandishi Susan Sontag aligusa kidonda kingine: katika picha za wahamaji, wanyonge hawakutajwa majina.

Hoja ya kwanza ina jibu. Picha mbaya haina ukweli zaidi ya picha nzuri, na mwanga uliopangwa kwa uangalifu waweza kumrudishia mtu staha aliyonyang'anywa na njaa. Kwa maana hiyo uzuri ni aina ya sitara: humwonyesha mtu bila kumdhalilisha. Hoja ya pili ni nzito zaidi. Jina ndilo humtenganisha mtu na kundi. Ikiwa shahidi anajulikana dunia nzima na aliyedhulumiwa hajulikani, ushahidi huo ni pungufu, hata ukiwa wa kweli.

Salgado mwenyewe alifika mahali ambapo kutazama kulimshinda. Baada ya kuyaona mauaji ya Rwanda na mikasa yake, afya yake ilidhoofika na imani yake kwa binadamu ikatikisika. Alirudi katika shamba la wazazi wake huko Aimorés, ambalo ardhi yake ilikuwa imechakaa kwa ukataji wa misitu na ufugaji wa ng'ombe. Mwaka 1998 yeye na mkewe, Lélia Wanick Salgado, walianzisha Instituto Terra, taasisi iliyootesha miche ya miti ya asili katika vitalu vyake na kupanda zaidi ya miti milioni mbili. Chemchemi zilizokauka zikarudi, na ndege na wanyama nao. Kutokana na hali hiyo mpya ulizaliwa mradi wa Genesis, uliochapishwa mwaka 2013, kuhusu sehemu za dunia ambazo hazijaharibiwa.

Msitu wa Brazili haumlipi mkimbizi wa Benako; deni la aliyetazamwa halihamishwi. Lakini unathibitisha jambo moja la kimaadili: kuona si mwisho wa wajibu. Ushahidi hutimia pale aliyeona anapotenda, na sitara hutimia pale aliyeonwa anapotajwa kwa jina lake. La kwanza Salgado alilitimiza. La pili aliliacha nusu.