Kukaa Juu ya Jiwe

Hebu tuanze na neno lenyewe: kijiwe. Nani kati yetu hajaitwa mtu wa kijiweni? Umemaliza shule, ajira hakuna, ada ya chuo hakuna, unakaa na wenzako chini ya mwarobaini, na wazee wakipita wanatikisa vichwa. Ukiwa na daftari mkononi ndiyo kabisa. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliniuliza kwa upole tu, "Mwanangu, hivyo unavyoandika vinaliwa?" Swali hilo ni zito, ndugu msomaji, na sisi tunaotaka kuwa waandishi tunalikwepa kwa kulifanyia mzaha. Je, mtu ana haki ya kukaa na kuwaza wakati jirani yake hajala?

Nitalitazama swali hili kwa kupitia jiwe la mbali kidogo.

Kusini kabisa mwa India, pale nchi kavu inapokwisha, kuna mji unaitwa Kanyakumari. Mbele yake, kama mita 500 kutoka ufukweni, limechomoza jabali baharini, na juu ya jabali hilo pamejengwa kumbukumbu ya mtawa wa Kihindu, Swami Vivekananda. Bahari inayolizunguka ni hii hii yetu inayopiga Kigamboni.

Mjomba wangu alifika huko. Alikuwa amemsindikiza mgonjwa Chennai kwa matibabu, kama wafanyavyo wengi wenye uwezo au waliochangiwa na ukoo, na siku za kungoja majibu zilipozidi akapanda treni ya usiku kushuka kusini. Anasimulia kwamba unapanga foleni juani, unakata tiketi, unavishwa jaketi la kuelea, unapakiwa kwenye feri pamoja na watoto wanaopiga kelele. Ukifika unavua viatu. Ndani kuna ukumbi wa kutafakari, giza hafifu, alama ya Om inang'aa, watu wamekaa kimya. "Nilikaa dakika kumi," anasema, "miguu ikafa ganzi nikatoka. Lakini dakika zile kumi, mjomba, Kariakoo sijawahi kuzipata."

Wapo watakaocheka: mtu kasafiri usiku kucha kwenda kulipia ukimya! Mimi sicheki. Ila najiuliza kama dakika zile kumi ndizo alizokwenda kuzitafuta yule mwenye jiwe.

Maana huyo Vivekananda, alipofika hapo Desemba 1892, alikuwa kijana wa miaka 29, umri wa wengi wetu. Jina lake la nyumbani ni Narendranath Datta, mzaliwa wa Kolkata. Baba yake, mwanasheria, alifariki mwaka 1884 akaacha madeni, na kijana, pamoja na digrii yake, akazunguka mji mzima akitafuta kazi asipate ya kudumu. Njaa aliijua nyumbani kwao kabla hajaijua vitabuni. Baadaye akawa mtawa, akaizunguka India, mara nyingi kwa miguu, akila alichopewa. Husimuliwa kwamba alipofika ncha ile ya nchi hakuwa na nauli ya mtumbwi, akajitosa akaogelea mpaka jabalini, akakaa huko siku tatu.

Siku tatu! Kwa macho ya mama yule wa mtaani kwetu, huyu ni mvivu aliyekubuhu.

Lakini aliwaza nini? Kwa bahati alilieleza mwenyewe katika barua aliyoandika mwaka 1894 akiwa Chicago. Anasema kwamba hapo, kwenye jiwe la mwisho la India, aliona jinsi watawa wengi walivyo, na yeye mmoja wao, wanazunguka wakiwahubiria watu mambo ya roho, na watu wenyewe hawana kitu tumboni. Ndipo akapata mpango: watawa wasiojitakia mali waende kijiji hadi kijiji wakiwafundisha maskini kwa ramani, kwa tufe la dunia, kwa picha. Fedha za mpango huo hakuzipata kwao, na hiyo ni sababu mojawapo ya kwenda Marekani, ambako mwaka 1893 alisimama kwenye Bunge la Dini na jina lake likavuma. Mwaka 1897 akaanzisha Ramakrishna Mission, na mwaka huo huo wenzake wakawa wanagawa chakula penye njaa huko Bengali.

Angalieni basi. Alikaa katikati ya maji, lakini fikra zake zilikuwa kule alikotoka, kwa watu ambao mlo wao ulimpa nguvu ya kukaa. Hapo ndipo napaona. Mtawa anayeomba chakula anakula jasho la mtu. Na mimi ninayeandika riwaya kwenye meza ya shangazi nakula muhogo wa shangazi. Kuwaza kwetu kumekopwa, jamani, na mkopo una mwenyewe. Kukaa si dhambi. Ninachokiona kibaya ni kukaa ukajifanya umekaa kwa fedha yako.

Jengo lenyewe nalo lina deni. Wavuvi wa Kanyakumari wengi ni Wakatoliki, tangu Francis Xavier alipohubiri pwani zile katika miaka ya 1540, na jabali lile wao pia waliliona ni lao. Mwaka 1962, ilipokaribia miaka mia ya kuzaliwa kwa Vivekananda, msalaba ulisimamishwa juu ya jiwe. Watu wa upande wa pili wakapinga, msalaba ukaondolewa usiku, polisi wakawekwa. Likawekwa bamba la ukumbusho, nalo Mei 1963 likavunjwa. Ndipo Eknath Ranade aliposhika kazi: akakusanya saini za wabunge 323, akaomba watu wa kawaida rupia moja moja kote India, na Septemba 1970 jengo likafunguliwa.

Zile rupia moja moja zinanigusa, sikatai. Mlalahoi ametoa chake. Lakini wavuvi je, walalahoi wa karibu kabisa na jiwe? Hao ndio hasa aina ya watu ambao yule kijana aliwawaza kwa siku tatu, na jina lake limejengwa huku wao wakiambiwa wasogee. Sisemi msalaba ndio ungekuwa haki. Nasema kwamba kumuenzi mtu na kumtii ni mambo mawili.

Na kukaa nako siku hizi kuna namna. Mwisho wa Mei 2024, kampeni zilipofungwa, Waziri Mkuu Narendra Modi alikwenda kutafakari humo kwa saa 45 hivi, na picha zake zikasambaa dunia nzima. Kilichokuwa moyoni mwake anakijua yeye. Ila Vivekananda hakuwa na wa kumpiga picha, na aliporudi ufukweni bado hakuwa na nauli.

Kitu kimoja alichoniambia mjomba nakipenda kuliko vyote. Ndani ya jengo kuna sanamu ya shaba ya Vivekananda, na imesimama, kama mtu aliye safarini. Pale pale ambapo wageni wote wanaambiwa wakae, mwenyewe kasimama.

Ningeandika riwaya ya jabali hilo, nisingeanza na yeye. Ningeanza na mwenye mtumbwi, yule anayesemwa kwamba hakumvusha bure. Hadithi zote zinampita haraka kama mchoyo tu. Mimi nataka kujua ana watoto wangapi, jana bahari ilimpa nini, na kama alisimama ufukweni akimtazama yule kijana akikata mawimbi, au aligeuka akaendelea kushona wavu.