Nani Atafua?

Siku hizi wako wazazi waachao nepi za kutupa, ziitwazo pampasi, na kurudia nepi za kitambaa. Hesabu yao ni wazi: mtoto abadilishwaye mara tano kwa siku hutumia nepi 150 kwa mwezi, nazo zina plastiki isiyooza upesi shimoni, vitambaa 20 vyaweza kumtosha, na pengine mdogo wake pia. Huko Uingereza, uchunguzi wa serikali wa mwaka 2008 ulionyesha ya kuwa faida hiyo hutegemea ufuaji: vikianikwa nje huwa kubwa, vikikaushwa kwa mashine yaweza kupotea. Jua tunalo.

Lakini twauliza: ni nani achotaye maji? Tulimsikia baba mmoja akijisifu barazani kwamba amepunguza gharama, na mkewe yu kisimani, ndoo ya tatu. Je, uwekevu huo ni wake yeye? Sisi twaona ni vema kuacha pampasi, ila atoaye shauri hilo na akunje mikono ya shati lake. Husemwa si kazi ya mwanamume. Mbona mtoto ni wake? Baba yule, tulipomwuliza hayo, alinyamaza kitambo, kisha akasema sabuni atanunua yeye.