Ukipokea Urithi, Uliza Deni

Ukikutana na mtu mzima Mombasa kwa mara ya kwanza, swali linalofuata jina ni moja: "Wewe ni wa nani?" Haulizi unafanya kazi gani. Kwangu hiyo ni afueni, maana chuo niliacha mwaka wa tatu karo ilipokwama, na sasa naandika chochote kinacholipiwa: matangazo ya maduka, maelezo ya picha, hotuba za harusi za watu nisiowajua.

Mwaka jana ukoo wenyewe ulinipa kazi. Mjomba alitaka shajara ya familia, ichapishwe vizuri na kutundikwa sebuleni kabla ya harusi ya bintiye. "Wewe ndiwe mwenye kalamu," akaniambia, "na najua hutanitoza sana."

Nikaanzia nyumbani. Mama ana cherehani yake barazani pa duka moja Biashara Street, anapindia wateja leso. Bibi anakaa uchochoro wa nyuma, na chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati lenye karatasi za nyumba: stakabadhi, hati, na nakala ya wasia wa mwisho wa karne ya 19, ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mimi sizisomi vizuri, kwa hiyo mzee mmoja anayefundisha madrasa akanisomea.

Mwenye wasia ni baba wa babu yake bibi. Nyumba yake imeelezwa kwa mipaka minne, kila upande na jina la jirani. Shamba la minazi la Kisauni limeelezwa hivyo hivyo. Halafu wakaja watu watano. Hawa hawakuwa na mipaka, wala majina ya baba zao. Wanne waligawiwa warithi pamoja na shamba. Wa tano alikuwa suria, ametajwa kwa jina moja na maneno machache: amenizalia fulani, nikifa yu huru, asitolewe chumbani mwake.

Huyo "fulani" ndiye babu yake bibi.

Nilishuka nikaketi kando ya cherehani ya mama. Alikuwa anapinda leso yenye ile alama tuliyoizoea tangu utotoni, "Mali ya Abdulla". Kwenye kitambaa maneno hayo hayana neno. Mfanyabiashara anatia jina lake kwenye kazi yake, na wateja wanaiamini. Lakini siku hiyo neno "mali" lilinikwama. Kumbe ndani ya sanduku la bibi kuna mama yetu aliyesomwa namna hiyo.

Karatasi hazikosi upande. Mwaka 1907 sheria ilipofuta hadhi ya utumwa katika pwani hii, serikali ya kikoloni iliwalipa fidia mabwana. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila mwenye madai ya ardhi pwani alete ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Mwenye wasia kama huu alikuwa na la kuonyesha. Aliyelima shamba hilo hilo alikuwa na jembe tu, na jembe halisajiliwi.

Ndiyo maana ukitafuta wazee wako kwenye wasia na rekodi za ardhi, utakutana na wenye mali kwanza. Marekani ni vivyo hivyo. Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana, karibu wote bila majina yao wenyewe. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina. Mmarekani mweusi anayetaka kurudi nyuma zaidi, hadi Virginia ya enzi za Waingereza, mara nyingi hulazimika kusoma wasia za waliowamiliki wazee wake, akitafuta jina moja katikati ya ng'ombe na vitanda. Anayemtafuta bwana anampata kwa wepesi. Wakati mwingine huyo bwana naye ni babu yake, kama mimi.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Shuleni tuliiandikia insha methali hiyo. Hakuna aliyetuuliza: na ambaye asili yake ni mtumwa, akiiacha anakuwa nani?

Nilimpelekea mjomba rasimu ikiwa na jina la yule mama. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitatiza. Alisema kwa upole, "Mwanangu, huyo mama amesitirika miaka mia na zaidi. Wewe ni nani wa kumvua?"

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Sitara kwetu si jambo dogo. Watu wa pwani wamechekwa, wamekataliwa posa, wamenyamazishwa barazani kwa sababu ya bibi aliyenunuliwa. Mtoto wa suria kwa sheria ya dini huzaliwa huru na humrithi baba yake, kwa hiyo babu yake bibi alichukua jina la ukoo wa baba, na wa mama likafifia. Huenda yeye mwenyewe alitaka hivyo. Kimya kile kiliwalinda wanawe, na mimi ni mmoja wa waliolindwa.

Lakini shajara aliyoitaka mjomba haikuwa inamsitiri yule mama peke yake. Ilikuwa na jina la bwana juu kabisa, kwa wino mzito, pamoja na nyumba yake na shamba lake la Kisauni. Tulikuwa tunachukua sifa ya mali yake, kisha tunaficha mali hiyo ilikuwa ni nani. Aibu tuliyokuwa tunaifunika ni ya aliyemiliki, ila blanketi tulimtupia aliyemilikiwa.

Mtu ataniambia: kwani wewe ulimnunua nani? Kweli. Dhambi hairithiwi, dini iko wazi hapo, na sina haja ya kumhukumu marehemu ambaye mkono wake uliandika kwamba mama asitolewe chumbani. Lakini dini hiyo hiyo ina mpangilio wa mirathi ambao kila mtu mtaani anaujua. Maiti akishazikwa, deni hulipwa kwanza. Kisha wasia, usiozidi thuluthi. Baada ya hapo ndipo warithi wanagawana. Dhambi haiji kwangu, ila deni liko mbele ya fungu langu. Asiyechukua chochote kwa marehemu hana la kuulizwa. Sisi tumechukua nyumba, jina, na jibu la kujivunia tunapoulizwa ni wa nani. Basi tuulize pia tunadaiwa nini.

Jina ndilo deni dogo kuliko yote, na ndilo nililoweza kulipa. Nimemwandika yule mama kwenye shajara, sawa na mumewe kwa ukubwa wa herufi. Hapa simtaji, nyinyi si wadai wake, na mjomba alikuwa na haki kuhusu sitara kwa kiasi hicho.

Wale wanne ndio wanaonisumbua. Hawakutuzalia mtu, kwa hiyo hawana tawi la kukalia. Huenda wajukuu zao wanaishi Kisauni leo bila hati, na mimi napita hapo kwa matatu nikitazama simu. Shamba liliuzwa zamani, na pesa zake zilisomesha watu wa kwetu. Hilo sijui linalipwaje, na sitajifanya jina kwenye karatasi limelimaliza.

Niliwaandika chini ya shajara, majina manne peke yake. Bibi akaniomba nimsomee. Akayarudia moja moja, polepole, kama mtu anayehesabu leso. Kisha akasema, "Hitima ya mwaka huu, uwatie."

Tuliwatia. Mjomba alisikia, akainamisha kichwa, akaitikia amina pamoja na wengine. Shajara ameitundika, ila ukumbini nyuma ya mlango, si sebuleni. Na malipo yangu amenipa nusu. Nusu nyingine namdai, naye anajua.