Nani kanipa haki ya kufunga mlango?

MWAKA juzi binti mmoja wa kidato cha pili alinijia ofisini, akaomba nimwandike katika darasa la jioni la kuandika programu za kompyuta. Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu, lakini orodha ya darasa lile nilikabidhiwa mimi. Nikamuuliza alama zake za hisabati. Akanitajia. Nikamwambia, "Mwanangu, mambo hayo yana wenyewe. Wewe shika Kiswahili chako." Akajibu, "Ahsante, ustadhi," akaondoka.

Ndugu msomaji, siku ile niliamini nimetoa nasaha njema. Sasa najiuliza kama sikumdhulumu.

Hao "wenyewe" ni akina nani? Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichaguliwa wanawake sita kuipangia kazi kompyuta ya ENIAC, iliyojaza chumba kizima. Lugha za programu hazikuwepo. Walipewa michoro ya mashine, wakajifunza wenyewe, wakawa wanachomeka nyaya na kugeuza swichi. Jean Jennings alikulia shambani Missouri. Kathleen McNulty alizaliwa Ireland, akafika Marekani akiwa mtoto mdogo asiyejua Kiingereza. Na Betty Snyder alisomea uandishi wa habari, kwa sababu profesa wake wa hisabati alimwona anafaa zaidi kukaa nyumbani kulea watoto! Snyder huyo huyo baadaye alishiriki katika kazi ya kuibuni COBOL, lugha ambayo mabenki mengi yanaitumia hadi leo.

Nilipoisoma habari ya profesa yule nilijiona mimi.

Wapo watakaosema: je, aachiwe kila mtu? Programu mbovu inaua. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwaunguza wagonjwa sita huko Marekani na Canada, baadhi yao wakafa, na makosa ya programu yalikuwa miongoni mwa sababu. Lakini dawa yake ni kuikagua kazi kabla haijamfikia mgonjwa. Mlango alioingilia mtu haukuambii kama kazi yake ni salama. Msomaji wa Qur'an tunamsikiliza tajwidi yake, hatumuulizi kwanza kasoma chuo cha nani (japo wapo wanaouliza). Tena binti yule hakuomba kutengeneza mashine ya hospitali. Aliomba kiti.

Ningeweza kujitetea kwamba nafasi zilikuwa chache. Viti vilikuwa ishirini, na vinne vilibaki vitupu mpaka muhula ukaisha.

Sasa yuko kidato cha nne. Tukikutana uwanjani hunisalimia kwa adabu zote, nami huitikia harakaharaka, nikipita.