Dawa Iliyotoka Udongoni ni ya Nani?

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, kule kwetu Masaka, niliugua kifua. Mwili wangu huikataa penisilini, kwa hiyo daktari aliniandikia erithromaisini. Mama alilipa, tukaondoka tukiamini hatudaiwi na mtu. Sasa ninasoma biokemia, na imani hiyo imeanza kunitoka.

Dawa hiyo hutengenezwa na bakteria wa udongoni kwa kutumia vimeng'enya vya familia ya sinthasi za poliketidi. Ni protini tatu kubwa zenye vituo sita, vinavyofanya kazi kama watu wanaopokezana matofali. Kila kituo huongeza kipande kimoja kwenye mnyororo, kisha hukipa kituo kinachofuata. Mwishoni mnyororo hufungwa ukawa duara. Hakuna kituo kinachoweza kusema, "Dawa hii ni yangu peke yangu."

Je, binadamu anaweza kusema hivyo? Mwaka 1949 daktari Mfilipino, Abelardo Aguilar, aliipelekea kampuni ya Marekani iliyomwajiri, Eli Lilly, udongo kutoka Iloilo. Humo ndimo bakteria hao walimopatikana. Mwaka 1952 dawa iliingia sokoni kwa jina la Ilotycin, lililotokana na Iloilo. Aguilar alidai mgao wa mapato kwa miaka mingi bila kuupata.

Wapo watakaosema kwamba alilipwa mshahara, na kwamba udongo bila maabara ni matope tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: bila kazi ya kampuni nisingepata dawa ile. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kampuni ilistahili fungu. Haithibitishi kwamba ilistahili yote. Ukiondoa kituo cha kwanza, cha sita hakina cha kupokea. Tena, kulipatia dawa jina la mji si sawa na kuwalipa watu wake.

Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ambayo Uganda imejiunga nayo, inataka faida zitokanazo na rasilimali za kijenetiki zigawanywe kwa haki. Hata hivyo, ninaamini haki huanza kabla ya mkataba. Muhula ujao tutachimba udongo kwa ajili ya mazoezi ya maabara. Kwenye chupa huandikwa tarehe na mahali. Mimi nitaongeza jina la mwenye shamba, baada ya kumweleza tunachokitafuta na kumwomba ruhusa.