Wema kabla ya Hitima

Ndugu zetu Waislamu, twaona ada mbovu katika miji yetu: mzee akilazwa hospitali, wanawe humwachia wauguzi, akisha kufa, hukopa fedha wakamfanyia hitima kubwa. Aya ya 23 ya Suratul-Israa yataja wazazi kufikilia uzee wakiwa kwetu, na yatukataza hata kuwaguna. Basi yatupasa tukae naye kwa zamu, tumlowanishe midomo, tumtake daktari amtulize kwa dawa ya maumivu. Kwani kumpunguzia mgonjwa uchungu si kukata tamaa na rehema ya Mola. Mauti yakimkaribia, tumtamkie shahada kwa upole, pasi na kumshurutisha kuirejea. Pilau ya hitima hataionja. Tone la maji la leo atalionja.