Kutazama Msiba wa Mwingine

Je, ni haki msiba wa mtu kufanywa tamasha la watu? Mwaka 2021 ulionyeshwa mchezo wa mfululizo uitwao Crime and Justice, uliotengenezwa Nairobi, ambao visa vyake vilitokana na jinai za kweli. Michezo ya namna hii huwagawa watazamaji, hata wa nyumba moja katika mtaa wa Komarock.

Wako wasemao kuwa ni shule, kwani kijana huziona hila za mwovu kabla hazijamfika. Wengine hujibu kuwa ni ukatili, kwani aliyefiwa hutoneshwa kidonda ambacho hakijapona. Kila upande una haki yake, lakini pande zote mbili zimesahau jambo moja. Katika mchezo, mkosaji hujulikana kabla ya usiku kwisha. Mahakamani, ushahidi hupimwa kwa miezi, pengine kwa miaka. Na Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hatia ithibitishwe. Aliyezoea hukumu ya haraka aweza kuichukua hadi barabarani. Hapo mtu huitwa mwizi, na jiwe hurushwa kabla ya swali kuulizwa.

Basi, kutazama si kosa. Kipimo ni kile tunachoondoka nacho. Tukijifunza huruma na subira, tumefaidika. Tukikumbuka jina la muuaji na kumsahau aliyeuawa, tumemzika marehemu mara ya pili.